Kofia ya Kocha

Mpaka leo nikisoma zaidi ya kurasa mbili, mistari inaanza kuteleza, na lazima nifunge macho nisubiri itulie. Wateja wanaokuja dukani kwa baba hapa Kitengela kununua misumari na mabati wanadhani nasinzia kazini. Wadhani tu. Nilikuwa msichana wa kupata alama nzuri bila kujikaza sana, tena nilikuwa mchezaji wa hoki wa kutegemewa, na vyote viwili vilinitoka mchana mmoja uwanjani Kajiado. Mtu akiniuliza nani wa kulaumiwa, huwa nakasirika kabla sijafungua mdomo, kwa sababu jibu la haraka ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema niko sawa.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, huko Kajiado. Uwanja wake ulikuwa na nyasi kidogo na changarawe nyingi, na siku za soko la mifugo watu walikuwa wanakata njia hapo katikati na mbuzi wao, hata mazoezi yakiwa yanaendelea. Tuliwapisha. Ungefanya nini? Mbuzi hajui hoki.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa jiografia, lakini sijui kama kuna mtu alimkumbuka kwa jiografia. Alikuwa mwembamba, msafi, na hakuwa mtu wa kelele. Makocha wa shule zingine walikuwa wanapayuka mpaka mishipa ya shingo inatoka. Yeye alisimama tu kando ya mstari na kofia yake nyeusi, na kofia ndiyo iliyoongea. Ikiwa kichwani, tunashambulia. Ikiwa mkononi, tunarudisha mpira nyuma na kutulia. Ikiwa kwapani, mpira unaenda kulia. Kabla ya kutoa pasi yoyote ilikuwa lazima umtupie jicho kwanza. Tulifanya hivyo haraka sana, mpaka timu zingine zikawa zinatucheka, ati hawa wasichana wanacheza na shingo imepinda. Wacheke. Tuliwafunga.

Siku ya kwanza ya mazoezi, nikiwa kidato cha kwanza, alituambia kitu ambacho tulikuja kukirudia bwenini kwa kumuigiza sauti yake ya chini. "Nyinyi nileteeni miguu na mikono," alisema. "Kufikiria niachieni mimi."

Na tulimwachia, wacha nisidanganye. Alituambia tunyoe nywele, tukanyoa. Alipanga nani akae na nani kwenye meza ya chakula, tukakaa. Nilipofika kidato cha tatu akasema niache fizikia, maana vipindi vya maabara vilikuwa vinagongana na mazoezi ya jioni. Mimi nilikuwa naipenda fizikia. Nikampigia baba na simu ya shule.

"Mwalimu amesema nini?" baba akauliza.

"Amesema niache."

"Sasa unaniuliza nini?"

Hivyo ndivyo fizikia ilivyokwisha. Baba si mtu mkali, tena ananipenda. Lakini katika nyumba zetu, mtoto akishapelekwa bweni anakabidhiwa. Siku ya wazazi, baba alimshika kocha mkono kwa mikono yake miwili akamwambia, "Mwalimu, huyu tumekuachia. Wewe ndio mzazi huku." Wazazi wa wenzangu walisema maneno hayo hayo, Wakamba, Wamaasai, sisi Wakikuyu, kila mtu. Ilikuwa ni heshima, na kocha aliipokea kwa heshima. Sikuwahi kumsikia mzazi akimwambia, huyu ni wako mpaka hapa, kutoka hapo ni wake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo lingine tulilofanya ambalo shule nyingine hazikuwa nalo. Kwa Wamaasai, mtoto akikutana na mtu mzima anainamisha kichwa ili aguswe utosini, hiyo ndiyo salamu. Mwenzetu mmoja, Mmaasai, alimwinamia kocha kabla ya mechi jinsi alivyozoea nyumbani kwao, na siku hiyo tukashinda. Mechi iliyofuata wakainama watatu. Kabla muhula haujaisha tulikuwa tunapanga laini timu nzima, golikipa mbele, na kocha anapita akitugusa vichwa mmoja mmoja bila kusema kitu. Cucu, nyanya yangu, angeniona angeuliza nimeolewa lini huko Umaasaini. Lakini niliupenda ule mkono. Ukikugusa, ulikuwa unaona hata woga unakutoka tumboni. Bila huo mkono sikuwa najisikia kama nimevaa jezi.

Mara moja tu nilimkaidi. Tulikuwa tunacheza na shule moja ya upande wa Ngong, na kofia ilikuwa mkononi, maana yake turudishe mpira, tutulie. Niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Lakini niliona pia golikipa wao ametoka kwake kabisa, anamgombeza beki wake, na mbele yangu kulikuwa wazi hivi. Nikapiga. Mpira ukaenda ukalala wavuni, na kwa muda mfupi nilihisi furaha ambayo sijawahi kuihisi tena. Ilikuwa yangu peke yangu, nimeiona mimi, nimeifanya mimi.

Wenzangu walianza kunikimbilia wakipiga nduru, kisha wakapunguza mwendo na kugeuka kuangalia benchi. Kocha alikuwa ananiita kwa kidole. Nilipomfikia alisema polepole, "Bao zuri sana. Keti."

Nikaketi. Niliketi mechi hiyo, nikaketi na zilizofuata mpaka mashindano yale yakaisha. Hakunitukana wala kuniadhibu kwa njia nyingine, na kila asubuhi alinisalimia vizuri tu. Kwenye basi hakuna aliyetaka kukaa karibu nami, isipokuwa golikipa wetu, rafiki yangu mkubwa, aliyekuja akanisukumia chapati.

"Kula, kichwa ngumu wewe. Kwani ungekufa ukifuata kofia?"

"Lakini si lilikuwa bao?"

"Lilikuwa bao. Na uko hapa unakula chapati yangu kwa benchi."

Aki nilicheka, lakini niliumia. Na nilisoma somo langu. Tangu siku hiyo hata mpira ukinijia lango likiwa tupu, shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Ingenipunguzia kazi. Lakini kulikuwa na mwenzetu ambaye wazazi wake walikuwa Magadi, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi. Mama yake alipougua, wakasema msichana arudi nyumbani alee wadogo zake. Kocha alipanda gari kwenda Magadi mwenyewe, kwenye lile joto la kukaanga watu, akakaa na yule mzee mchana kutwa mpaka shangazi mmoja akapatikana wa kusaidia, na Jumatatu msichana alikuwa darasani. Hakumuuliza msichana kama anataka kurudi. Aliamua tu. Na safari hiyo aliamua vizuri, na sisi tukazidi kuamini kwamba akiamua, mambo yanakuwa sawa.

Fainali ya kaunti ilichezwa kwetu, nikiwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho ukiwa umekaribia. Mama alikuja kutoka Kitengela na chupa ya chai na ngwaci, viazi vitamu, za kuchemsha, ingawa kocha alikuwa ametukataza kula vitu vizito kabla ya mechi. Akaziweka miguuni pake, akasema tutakula tukishinda.

Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, wapinzani walipopata kona fupi, ile adhabu ambapo mpira unatolewa mstari wa nyuma kwa mpigaji anayengoja mbele ya lango. Kwenye kona fupi mimi ndiye niliyekuwa nakimbia wa kwanza kutoka langoni, kwenda kumzuia mpigaji. Ni kazi ya kichaa kidogo, maana unaukimbilia mpira unaopigwa kuja kwako, lakini nilikuwa na mbio na sikuwa na akili ya kuogopa. Nikatoka. Mpigaji akapiga chini kama inavyotakiwa. Mpira ukagonga jiwe, ukainuka, ukanipiga juu ya sikio.

Niliusikia kabla sijauhisi. Halafu nikajikuta niko chini, vumbi mdomoni, na refa ananiinamia. Kulikuwa na kelele, lakini zilikuwa zinatoka mbali. Mwalimu wa huduma ya kwanza akanimwagia maji shingoni. Wakanisimamisha, wakanipeleka kwenye mstari, na kocha akaja. Naapa niliona makocha wawili, mmoja amesimama nyuma kidogo ya mwingine.

"Unanisikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaniangalia. Kisha akasema, "Utaendelea ama utatoka? Uamuzi ni wako."

Mimi sikuwahi kusikia maneno hayo kutoka kwake. Kama angeniambia toka, ningetoka, hata kulia nisingelia. Kama angesema rudi, ningerudi. Lakini uamuzi ni wangu? Nilisimama pale kichwa kinavuma kama posho mill ya kusaga mahindi, na badala ya kujiuliza najisikiaje, nikaanza kutafuta jibu usoni kwake. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo. Anataka niseme nini? Uso haukusema kitu. Basi nikainua macho juu kidogo, nikaona kofia. Ilikuwa kichwani.

"Niko sawa, Mwalimu."

Nikainamisha kichwa, kwa mazoea tu. Akaniwekea mkono palepale nilipopigwa. Woi, palivyouma! Sikutikisika hata kidogo.

Upande wa pili mama alikuwa amesimama, chai imemwagika, anapiga kelele, "Mtoeni! Mtoeni huyo mtoto!" Mzazi mmoja aliyekuwa karibu naye akamvuta gauni. "Mama wewe, keti. Mwachie kocha." Na mama, ambaye hapa Kitengela anajulikana kwa kugombana na madereva wa malori mpaka wanazima injini, akaketi.

Yaliyofuata niliambiwa na golikipa. Anasema nilirudi, nikapokea mpira, nikaanza kukimbia nao kuelekea upande usiofaa, na wenzangu wakawa wananiita na mimi sisikii. Nikagongana na msichana mmoja wa timu ile nyingine na nikaanguka kichwa kikitangulia. Wakanitoa. Muda mfupi baadaye tukapata bao, tukawa mabingwa. Kuna picha yetu na kombe, na mimi niko mbele, natabasamu na meno yote. Nikiiangalia ile picha huwa nahisi kuchapa mtu. Sikumbuki picha ikipigwa, wala sikumbuki kushinda.

Usiku huo nilitapika. Nikapewa vidonge vya maumivu vya shule, nikalala, nikaamka na kichwa hicho hicho. Mwangaza wa dirishani ulikuwa unaniingia machoni kama pilipili. Mama alikuja akanichukua, na daktari alipomaliza kunipima akamuuliza nilipigwa mara ngapi. Mama akamwambia mara mbili. Daktari akavua miwani. Akasema ile ya kwanza, ningepumzishwa wakati huo huo, pengine ingeisha kwa wiki chache. Ubongo ukishatikiswa haufai kutikiswa tena kabla haujatulia.

Nilijaribu mtihani. Nilirudi Kajiado, nikaketi na wenzangu ukumbini, nikafungua karatasi ya kwanza. Maneno yalikuwa yanaogelea. Nilisoma swali la kwanza, nikafika mwisho nimesahau mwanzo, nikarudia, nikasahau tena. Nikaweka kalamu chini nikainua mkono, wakanitoa nje. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikasikia ule ukimya wa watu wote wakiandika, nikalia kwa hasira mpaka kichwa kikazidi kuuma, na kwa kuwa kinauma nikalia zaidi.

Mama hakukubali yaishe hivyo. Baba alitaka yaishe. Alisema mwalimu ni mtu mzuri, ajali ni ajali. Mama akamwambia kama hataki kwenda ataenda peke yake, na yeye akienda peke yake baba anajua vile itakuwa. Basi tukaenda wote watatu, na pikapu ya duka, tukaketi ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na mzee mmoja wa bodi ya shule, na kocha.

Kocha hakuwa na kofia. Nilishtuka kuona kumbe nywele zake zimeanza kuota mvi. Aliongea vizuri, bila kujitetea sana. Alisema amesikitika, kwamba amekuwa akiniombea. Kisha akasema, "Lakini sikumlazimisha. Nilimuuliza, mbele ya refa. Nilimwambia uamuzi ni wake, akaniambia yuko sawa."

Mzee wa bodi akanigeukia. Alikuwa mtu mpole, na aliniuliza kwa upole. "Ni kweli alikuuliza, msichana wangu?"

Kila mtu alikuwa ananiangalia. Ningeweza kudanganya. Mama alitaka nidanganye, nilimwona alivyoshika mkoba.

"Ni kweli," nikasema. "Aliniuliza."

Baba akashusha pumzi. Mwalimu mkuu akafungua mdomo, na nadhani alitaka kufunga kikao.

"Ilikuwa mara ya kwanza," nikasema.

Mwalimu mkuu akasema, "Mara ya kwanza kuumia?"

"Mara ya kwanza kuniuliza kitu. Tangu nikiwa kidato cha kwanza. Muulizeni kama kuna siku nyingine."

Hawakumuuliza. Lakini kocha aliniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona ule uso ukisema kitu. Hakuwa amekasirika. Ni kama mtu aliyekuwa anatafuta hiyo siku nyingine, anarudi nyuma muhula kwa muhula, na haipati. Akainamisha macho. Nilimhurumia, na nikajichukia kwa kumhurumia.

Mzee wa bodi akasema maneno mazuri kuhusu vijana na mapenzi ya Mungu, tukaombewa, tukatoka. Nje, baba akamshika kocha mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kunilea.

Tulikuwa tumeshika barabara ya Namanga kurudi nyumbani, mimi katikati yao, wakati mama aliuliza. Alikuwa analia, na mama halii ovyo. "Lakini kwa nini hukusema hapana? Ungesema tu hapana. Mimi nilikuwa hapo, ningekuja nikakubeba."

"Hiyo hapana ningeitoa wapi, mama?"

Mama akajifuta uso kwa leso. Baba akakohoa, na nikajua yuko na tangazo.

"Sasa yaliyopita yamepita," akasema. "Tumekubaliana na mwalimu mkuu. Januari utarudi pale pale urudie kidato cha nne. Na kocha amesema hata kama huwezi kucheza, utamsaidia na timu. Amekuonea huruma. Ni jambo zuri."

Nilifikiria ule uwanja, na wasichana wapya wa kidato cha kwanza wakiinamisha vichwa kwenye laini, na mimi nimesimama kando ya kocha nikiwaonyesha jinsi ya kuangalia.

"Hapana," nikasema.

Baba alipunguza mwendo. Lori likatupita likipiga honi. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Sirudi."

Mama alinishika goti, na sijui kama alikuwa ananitia moyo au ananinyamazisha. Baba akaegesha pikapu kando ya barabara, akazima injini, akageuka akaniangalia kama mtu anayeniona mara ya kwanza. Nilingoja ukali, lakini ukali haukuja.

"Sawa," akasema. "Basi wewe unataka nini?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka kujua kweli, na akasubiri, na mama akasubiri. Nilifungua mdomo. Nilitafuta kila mahali ndani yangu, fizikia, hoki, shule nyingine, duka, kitu chochote ambacho kingekuwa changu. Sikupata. Magari yaliendelea kutupita kwenda Kitengela, na wazazi wangu wakaendelea kunisubiri.